Kisanduku cha mashini ya kusaga: kukiweka, kukichunga, na nani ashike namba yake

Maneno yenye tulisema mbele ya wanachama na wageni wafadhili, katika mkutano wa chama, Uvira.



Tumeombwa kusema juu ya kile kisanduku cha kijivu chenye kinaendesha mashini ya kusaga mihogo. Wengi wenu munakipita kila siku bila kukitazama. Macho yanaenda kwa mashini yenyewe, ju ya mashini ndiyo inapiga kelele, ndiyo inatoa unga, na wageni wakifika ndiyo wanapiga picha. Lakini sisi wenye kutembea kutoka chama hadi chama, hapa bonde la Ruzizi na kule upande wa Baraka, tumekuta mashini zaidi ya moja zimelala, nyundo zake nzima, mkanda wake mpya, na kuku wanataga mayai chini yake. Kilichokufa ni kisanduku. Na mama mwenye angesaga pale anabeba beseni kichwani mpaka mtaa mwingine, analipa huko, anarudi jioni.

Sasa ni kitu gani? Mafundi wanakiita variateri. Moteri ya mashini yetu ni ya fazi tatu. Umeme wenye unafika kwenye mtaa wetu ni wa fazi moja, nyuzi mbili tu, volti 220. Variateri inapokea ile fazi moja, inaigeuza kwanza kuwa umeme kama ule wa betri, kisha inaukatakata kwa haraka sana na kutengeneza fazi tatu mpya. Tena inaweza kuanzisha moteri polepole, kuipunguza mwendo, na kuisimamisha ikiona inateseka. Bila kisanduku, ile moteri kwenye mtaa huu ni jiwe.

Kijana mmoja alituuliza juzi kama hii ndiyo kazi ya roboti. Hakukosea sana. Munajua yale maroboti ya barabarani ya Kinshasa, yenye injinia Thérèse Izay na wenzake wa Women's Technology walianza kuyasimamisha mwaka 2013 ili yaongoze magari, yakila umeme wa jua. Watu wanatazama mikono na taa. Chenye kinaamua mkono upande ao ushuke kiko ndani. Na kule kwenye viwanda vya magari, roboti ya kuunganisha vyuma iko kwa kawaida na viungo sita, kila kiungo na moteri yake. Ndani ya kabati yake kuko kifaa cha kuendesha kila moteri, ndugu wa variateri yetu, pamoja na kompyuta yenye inaviambia vyote viende pamoja. Siku hizi kabati zile zimekuwa ndogo, nyingine zinaingia chini ya meza. Na ukiuliza fundi wa kule anachunga nini, atakujibu: feni, vumbi, waya wa ardhi, na programu yenye imewekwa salama mahali pengine. Kwa hiyo kijana mwenye anajifunza kuchunga hiki chetu hajifunzi kazi ya mihogo tu.

Tuanze na mahali pa kukiweka, ju ya hapo ndipo wengi wanapotelea.

Unga wa mihogo ni mwepesi kuliko vumbi ya barabara. Munaona jinsi mama wa mashini anarudi nyumbani, nyusi nyeupe kama za mzee. Ule unga unaingia kila mahali. Kisanduku kiko na feni ndogo yenye inavuta hewa na kuipitisha katikati ya mabawa ya aluminiumu, ili joto litoke. Ikivuta hewa yenye unga, ndani ya wiki chache mabawa yanajaa, na unga ukipata unyevu wa mvua unakuwa kama bugali ya jana. Kisanduku kinapata homa. Kinasimamisha moteri na kuandika herufi mbili kwenye kioo, kwa mingi ni OH. Watu wanangoja kipoe, wanawasha tena. Kesho vilevile. Mpaka siku moja hakiwaki.

Kwenye kibao cha pembeni kumeandikwa chetu ni IP20. Maana yake kidole hakiwezi kuingia, lakini vumbi na maji vinaingia vyenye vinataka. Kuko vingine vyenye vimeandikwa IP54, vinazuia vumbi nyingi na maji ya kurukia, na IP65 vinafungwa kabisa. Bei yake iko juu. Wafadhili wetu, tunawaomba kitu kimoja: mukipewa profoma mbili, moja rahisi na moja ghali, na nguvu ya moteri ni ileile, tafuteni ile namba mbele ya kuchagua. Mara nyingi tofauti ya bei iko pale.

Kwa kuwa chetu ni IP20, hatukukiweka kwenye chumba cha kusagia. Tulitoboa ukuta, nyuzi zikapita ndani ya tiyo, na kisanduku kikafungwa upande wa pili, kwenye chumba chenye karani anaandikia kaye ya mapato. Kimesimama wima, na kimeachiwa nafasi ya sentimita 10 juu na 10 chini, ili hewa ipite. Dirisha dogo limefungwa wavu wa mbu. Ule wavu si wa mbu. Mjusi anapenda joto la kisanduku, anaingia usiku, analala katikati ya vyuma viwili vyenye umeme, na asubuhi munakuwa na maziko mawili.

Joto ni shida nyingine. Vitabu vya hivi vifaa kwa kawaida vinasema kisifanye kazi kwa nguvu yake yote katika chumba chenye kupita digri 40. Chini ya mabati ya Uvira, saa saba mchana, mwezi wa kiangazi, munajua wenyewe. Ndio maana tuliomba plafo iwekwe katika kile chumba mbele ya kitu chochote, na mtu mmoja akalalamika kwamba tunajengea kisanduku nyumba nzuri kuliko ya mlinzi. Hakusema uongo. Lakini plafo ilitumia mbao na mikeka, bei yake haikufika hata kidogo bei ya kisanduku kingine.

Jambo lenye linasahauliwa: kisanduku kikienda nyuma ya ukuta, kitufe chekundu cha kusimamisha kibaki upande wa mashini, mahali mama wa mashini anakifikia bila kuzunguka. Kile kitufe kisitundikiwe nguo wala mfuko.

Tuje kwa nyuzi. Upande wa kuingiza kumeandikwa L na N. Upande wa kutoka kuko U, V na W. Umeme wa mtaa ukiingizwa kwenye U, V, W, kisanduku kinakufa palepale, na hakuna garanti yenye italipa. Hii inatokea zaidi siku kifaa kinahamishwa haraka haraka kwa sababu ya sherehe ao ya mafuriko, mtu anafungua nyuzi bila kuziwekea alama. Kipande cha plasta ya hospitali na biki vinatosha kwa alama.

Kisha moteri. Fungueni kale kasanduku kadogo kenye kako juu ya moteri, mutaona misumari sita ya shaba na vibao vitatu vya kuiunganisha. Moteri yetu imeandikwa 220/380. Ikiunganishwa kwa nyota, inaomba 380. Ikiunganishwa kwa pembetatu, inaomba 220. Kisanduku chetu kinatoa 220. Basi inafaa iwe pembetatu: vibao vitatu vinasimama wima, kila kimoja kinafunga msumari wa juu na wa chini yake. Vibao vikilala na kufunga misumari mitatu kwa mstari, hiyo ni nyota.

Tunakaa sana juu ya hili ju ya ndilo limelaza mashini nyingi kuliko risasi. Moteri nyingi zinatoka dukani zimefungwa nyota. Fundi anaunganisha, anawasha, inazunguka vizuri, watu wanapiga makofi, anapokea pesa yake, anaenda. Kesho yake mihogo inaingia na mashini inasimama. Inazunguka ikiwa tupu tu, sababu ile moteri inapata volti 220 mahali penye ingepata 380, na nguvu yake ya kusukuma inabaki karibu sehemu moja ya tatu. Kwenye chama kimoja tulikuta mashini imelala miezi mitatu kwa sababu hii. Walishaandika barua kwa mfadhili kwamba wamepewa mashini mbovu. Kazi ya kugeuza vibao ilitumia nusu saa, na muda mrefu katika ile nusu saa ulikuwa wa kutafuta ufunguo namba 8.

Mkikuta moteri imeandikwa 380/660, hiyo haifai kwa kisanduku cha namna hii. Musikubali mtu awadanganye kwamba ataitengeneza.

Waya wa ardhi, wenye rangi ya kijani na njano, utoke kwenye moteri na kwenye kisanduku mpaka kwenye mti wa shaba wenye umepigwa chini ardhini, mahali penye unyevu. Chini ya mahali wamama wananawa mikono ni pazuri sana. Si kwenye bomba la maji, si kwenye dirisha la chuma. Kwa nini? Waya ya ndani ikichubuka na kugusa mwili wa moteri, umeme unatafuta njia ya kwenda chini. Kama hakuna waya, njia ni mama wa mashini, na mara nyingi miguu yake haina viatu.

Sasa namba za ndani. Kisanduku kikiwa kipya hakijui kimefungwa kwenye moteri gani. Inafaa kuambiwa. Hizi namba zinasomwa kwenye kibao cha moteri, si kwenye kichwa cha fundi. Kwa yetu ni kilowati 2.2, volti 220, ampere 8.7, herzi 50, mizunguko 1420 kwa dakika.

Ile ya ampere ndiyo yenye mtu anashawishika kuigusa. Kisanduku kinatumia hiyo namba kujua kama moteri inazidiwa. Mihogo ikiwa mibichi kidogo, ao chekeche imeziba, moteri inakula umeme mwingi, na kisanduku kinasimamisha. Wateja wamepanga mstari, jua ni kali, mtu anasema: tupandishe ifike 12, itaacha kusumbua. Kweli, itaacha kusumbua. Kisha moshi. Dawa ni kukausha mihogo na kusafisha chekeche.

Kuanza, tuliweka sekunde 15. Moteri yenye inawashwa moja kwa moja bila kifaa inaweza kuvuta mara tano mpaka saba ya umeme wake wa kawaida kwa muda mfupi. Hapo taa za majirani zinafifia, televizio ya mtu inazimika, na majirani wanakuja kwa prezida wa chama. Na sekunde 15 hakuna mwenye kulalamika. Kusimama, tuliacha mashini izunguke mpaka ichoke yenyewe. Zile nyundo ni nzito. Ukilazimisha zisimame haraka, moteri inageuka kuwa jenereta, inarudisha umeme ndani ya kisanduku, na kisanduku kinaandika OU na kugoma. Mwendo wa juu ubaki 50. Kuko wenye kujua kwamba kinaweza kupandishwa mpaka 60, na unga utatoka haraka zaidi. Kinaweza. Lakini nyundo na mihimili yake havikupimwa kwa mwendo ule, na nyundo yenye inaruka haichagui.

Namba moja tunaomba isiguswe na mtu yeyote, hata prezida wa chama: ile ya kuwaka yenyewe. Hivi visanduku vinaweza kuwekwa ili umeme ukirudi, moteri ianze bila mtu kubonyeza. Kwa pampu yenye iko peke yake kisimani inaweza kufaa. Kwa mashini ya kusaga, hapana. Umeme wetu munaujua. Unakatika, mama anafungua kifuniko, anaingiza mkono kutoa mihogo yenye imekwama, mtoto wake yuko mgongoni. Dakika tano umeme unarudi. Kwetu namba hiyo ni sifuri, imeandikwa kwa wino mwekundu kwenye karatasi ukutani. Na juu ya namba, kuko desturi: mbele ya kuingiza mkono, disjonkteri inashushwa, na mwenye ameishusha anasimama pale.

Mwenye atafungua kisanduku chenyewe ajue hivi. Ndani yake umeme unahifadhiwa katika kapasita, kiasi cha volti 310, hata kama umekata disjonkteri na kioo kimezimika. Unangoja dakika 10 nzima. Kisha unapima na mita. Kisha ndiyo unagusa. Tulikuta fundi mwenye ujuzi mwingi anangoja dakika moja. Alituonyesha kidole chake.

Kusafisha: kila Jumamosi, umeme umekatwa, brashi laini ya kupaka rangi, pampu ya baiskeli ya kupuliza. Hakuna kitambaa chenye maji. Kila miezi mitatu, viskurubu vya nyuzi vinaguswa na bisibisi kuona kama vimelegea. Mara ya kwanza vinalegea ndani ya wiki chache, shaba inakaa mahali pake. Wenye mulibaki hapa munasema turnevisi, wenye mulirudi kutoka Kigoma munasema bisibisi, na tumeshaona mtu anatumwa kuleta moja wakati nyingine iko mkononi mwake. Feni ndogo inadumu miaka michache, kisha inaanza kulia. Ikianza kulia ibadilishwe, isingojwe mpaka inyamaze. Nunueni ya pili sasa, ikae kwenye sanduku la mweka hazina.

Na kila kosa lenye kisanduku kinaandika kwenye kioo, mama wa mashini analiandika katika kaye: siku, saa, zile herufi, na ilikuwa inasaga nini. Hahitaji kujua maana. Anazichora vile anaziona. Katika kaye yake tuliona LU inarudi kila siku karibu na saa moja jioni. LU kwa kisanduku hiki ni volti kushuka sana. Ile saa mtaa mzima unapika na kuwasha taa. Tangu hapo kazi inafungwa saa kumi na mbili, na LU imepotea. Hakuna fundi mwenye angejua hilo kwa kutazama kisanduku.

Kwa wafadhili tuko na neno moja lenye si tamu. Vifaa hivi vinapenda kufanya kazi. Kapasita zikikaa mwaka mzima ao zaidi bila umeme, zinadhoofika ndani, na siku ya kuwashwa kwa volti zote zinaweza kupasuka. Vitabu vingi vinaomba kifaa chenye kimelala kiamshwe polepole, volti zikipandishwa kidogo kidogo, ao angalau kiunganishwe na umeme kila mwaka kwa saa chache bila moteri. Sasa munajua mahali vifaa vinalala: kwenye depo, vikingoja sherehe ya kukabidhi, yenye inangoja mkubwa fulani apate nafasi. Kama sherehe itachelewa, kabidhini kifaa, kisha sherehe ifanyike juu ya mashini yenye inasaga. Picha itakuwa nzuri zaidi, na unga.

Tuko sasa kwenye namba ya siri, na hapa tunaomba wote musikilize, hata wenye wamechoka.

Kisanduku kinaweza kufungwa kwa namba, ili mtu asiingie kubadilisha vipimo. Ni kitu kizuri. Swali ni nani anaijua. Kwenye chama kimoja, si hapa, kampuni yenye iliuza kifaa ilituma fundi wake kutoka mji mwingine. Aliweka vipimo, akafunga kwa namba, akaenda nayo. Miezi saba mbele moteri iliungua, wakapata nyingine yenye ampere tofauti. Ilihitaji kubadilisha namba moja tu. Hakuna mwenye aliweza. Simu ya fundi haikupita. Kampuni iliomba alipwe safari, malazi na siku mbili za kazi. Mashini ililala wiki sita, na wamama wa kile chama walirudia kutwanga. Kurudisha kifaa kwenye vipimo vya kiwandani kungewezekana, lakini vipimo vya zamani havikuwa vimeandikwa popote, na kitabu kilibaki kwenye gari la fundi.

Kwa hiyo katika kila mkataba wa kununua kifaa cha namna hii, sisi sasa tunaandika kwamba malipo ya mwisho hayatoki mpaka chama kipewe namba ya siri ndani ya bahasha, vipimo vyote kwenye karatasi, na kitabu kwa Kifaransa chenye mafundi wetu wanasoma. Bahasha moja kwa mweka hazina, nakala kwa mama wa mashini. Kuko wenye walisema namba isipewe mwanamke wa mashini sababu ataibadilisha-badilisha. Tuliuliza: mwaka huu wote, ni nani aliyepandisha ampere? Hakuwa yeye. Tuliiacha pale.

Na fundi? Kila mara tukiuliza, jibu ni Bukavu. Fundi wa Bukavu ni mzuri, hatumsemi vibaya. Lakini katika ukumbi huu tumehesabu watu wanne wenye walijifunza umeme Nyarugusu, kambini. Wengi wenu mulivuka ziwa 1996 na miaka yenye ilifuata, watoto wakakua kule, wakashika kazi kule. Wamerudi na ufundi, lakini karatasi yao, wakiionyesha kwenye kazi ya hapa, wanaambiwa si brevet. Wawili kati yao wanauza kredi ya simu kando ya barabara. Mmoja ndiye aligeuza vibao vya moteri kutoka nyota kuwa pembetatu, kwenye ile mashini ya miezi mitatu. Sisi tulimshikia taa. Wafadhili wakiuliza mafunzo yanaanzia wapi, yanaanzia kwa hao wanne, na ile mistari ya bajeti yenye imeandikwa «mtaalamu kutoka nje» inaweza kuwalipa siku nyingi.

Juu ya pesa tutasema kidogo, kamati itaendelea. Pendekezo letu ni kwamba bei ya kusaga beseni moja kwa siku isiingie kwenye mapato ya kawaida. Iende kwenye kopo la kisanduku: feni, nyuzi, siku moja kisanduku kipya. Hakitadumu milele. Kopo lifunguliwe mbele ya watu watatu.

Mzee mmoja aliuliza kuhusu radi, na alikuwa na haki ya kuuliza. Mwaka 2016 wanasayansi walichapisha hesabu yao ya mahali penye radi nyingi duniani, na Kabare, hapo karibu na Bukavu, ilitoka ya kwanza Afrika yote. Kwa hiyo hatuogopi bure. Tumeweka kifaa kidogo cha kumeza radi kwenye sanduku la disjonkteri, lakini kile hakina kazi kama waya wa ardhi ni mbovu, na hakimezi radi yenye imepiga karibu sana. Kushusha disjonkteri peke yake hakutoshi, radi inaruka nafasi ile ndogo. Wingu likijifunga, mashini isimamishwe, na ile plagi kubwa ing'olewe ukutani na kuwekwa mbali. Tulichagua plagi kwa sababu hiyo.

Mama mwingine aliuliza kama unga wenye unaruka hewani unaweza kushika moto. Ndiyo, unaweza, ukiwa mwingi katika chumba chenye kufungwa. Milango ibaki wazi wakati wa kusaga, unga wa kwenye kuta ufagiliwe kila jioni, na hakuna sigara wala koroboi mle ndani. Vijana wa zamu ya usiku wamesikia.

Jumamosi hii, saa mbili asubuhi, tutafungua kifuniko cha kisanduku mbele ya wenye watapenda kuja. Wale wanne tumeshawaita. Mama wa mashini alete kaye, karani alete ile bahasha ikiwa imefungwa bado. Mwenye ako na mita ya kupimia aje nayo, sababu yetu betri yake imeisha.